Tuambieni Kabla Hatujala

Forodhani baada ya magharibi, kabla hujaimaliza meza ya kwanza ya samaki, umeshaitwa na meza tatu zinazofuata. Kijana mwenye kofia ndefu nyeupe ya mpishi anakutajia alivyonavyo kwa pumzi moja: jodari, nguru, changu, kamba, ngisi, pweza, kaa, shelisheli la kuchoma. Wewe bado unaangalia, yeye ameshashika sahani na anapanga vijiti. Kila kijiti kinatajwa jina lake. Bei haitajwi. Itatajwa baadaye, vijiti vikishatoka motoni na watoto wakishaanza kutafuna, pale ambapo mzee wa familia hana tena la kufanya isipokuwa kutia mkono mfukoni.

Naanza na Forodhani, hapa Unguja, kwa sababu ni ya watu wote. Bustani ile ilitengenezwa 1936 kwa jubilii ya Sultan Khalifa bin Haroub, ikakarabatiwa kwa kiasi kikubwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ikafunguliwa tena 2009. Mpaka leo ndiyo sehemu moja ya mji ambapo mtu wa Ng'ambo, mtu wa Shangani na mgeni aliyeshuka kwenye boti ya jioni wanasimama mbele ya meza moja ya chakula. Kwa hivyo kero zake si za watalii peke yao. Familia inayotoka Mwanakwerekwe siku ya Idi na watoto wanne inazijua vizuri, tena inazijua kwa uchungu zaidi, maana fedha inayotoka pale ni ya mshahara wa hapa hapa.

Watu wanaokula nje katika kisiwa hiki wana malalamiko yanayofanana. Bei ilijulikana mwisho. Chakula kilichukua saa nzima na nusu. Walichokitaka kilikuwa kimekwisha. Kodi iliibuka chini ya bili. Mashine ya kadi ilikuwa mbovu, nao walishakula. Nimeyasikiliza malalamiko haya kwa muda mrefu, na mimi mwenyewe ninayo yangu, na ninavyoona mimi yote yanatoka kwenye mzizi mmoja: mteja haambiwi mapema. Watu wetu ni wavumilivu. Mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba samaki atachukua dakika 50 hukaa akazungumza na wenziwe. Mtu aliyeambiwa dakika tano, kisha dakika tano nyingine, kisha "kinakuja, bi mkubwa", huyo huondoka na hasira hata kama chakula kilikuwa kitamu.

Kwenye suala la bei nina neno la ziada. Kisiwa hiki ni cha watu waliosoma chuo cha Kurani tangu utotoni. Anayechoma mishikaki na anayeinunua wote wawili wanafahamu kwamba katika biashara ya Kiislamu kitu kinachouzwa na thamani yake vinatakiwa vijulikane kabla ya watu kukubaliana, na kwamba mauziano yenye gharari, yaani utata, yana kasoro. Sura ya al-Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Hakuna haja ya kuleta mtaalamu wa utalii kutoka nje kutufundisha kwamba bei iwekwe mbele ya macho. Tulifundishwa hilo tukiwa tumekaa kwenye mkeka.

Wapo wanaosema kwamba kupatana bei ni desturi yetu, na mgeni akilipa zaidi ya mwenyeji hakuna ubaya. Kupatana ni desturi, kweli. Lakini nendeni Darajani, soko lililofunguliwa 1904, mwangalie kupatana kunakwendaje. Muuzaji anataja, mnunuzi anakata, muuzaji anashusha kidogo, mnunuzi anageuka kama anayeondoka, anaitwa. Yote hayo hufanyika samaki akiwa bado juu ya meza. Nguvu ya mnunuzi iko katika kuondoka. Samaki akishaliwa, nguvu hiyo imekwisha, na kinachobaki hakiitwi tena kupatana. Ni mtu mmoja kumpangia mwenzake.

Ndani ya mikahawa hali ni nyengine, kwa sababu pale menyu ipo na bei imeandikwa. Tatizo ni kwamba bei iliyoandikwa mara nyingi si utakayolipa. Zanzibar kodi ya ongezeko la thamani kwa huduma kama hizi ni asilimia 15, na Tanzania Bara ni asilimia 18. Tuseme umeagiza sahani ya shilingi 30,000 katika mkahawa ambao haukuweka kodi ndani ya bei. Kodi ni shilingi 4,500. Mkahawa ukiongeza asilimia 10 ya huduma, ni shilingi 3,000 nyingine. Sahani ya 30,000 imekuwa 37,500, na taarifa yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo kabisa katika ukurasa wa mwisho, chini ya orodha ya vinywaji. Mtu aliyekuja na mkewe, mama mkwe na watoto anafanya hesabu ya kichwa anapoagiza. Bili inapokuja, hesabu yake imeharibika mbele ya mama mkwe wake.

Kisha kuna dola. Machi 2025 Serikali ya Muungano ilitoa kanuni zinazokataza kutangaza na kutoza bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Kabla ya hapo, Shangani na Kiponda na kule kwenye fukwe za Nungwi, Kendwa na Paje, menyu ya dola ilikuwa jambo la kawaida mno kiasi kwamba mwenyeji aliyeuliza "hii ni shilingi ngapi?" alionekana yeye ndiye wa ajabu. Ubaya haukuwa dola yenyewe. Kila mkahawa ulikuwa na kiwango chake cha kubadilisha. Tuseme benki inanunua dola moja kwa shilingi 2,500 na mkahawa unaihesabu kwa 2,700. Kwa chakula cha dola 15, mteja amelipa shilingi 3,000 ambazo hazikuandikwa popote. Kanuni hizo ni jambo jema kwa mlaji. Zifuatwe kwenye menyu na pia kwenye kalamu ya mhudumu anayeandika bili.

Lugha nayo inaumiza, ingawa watu wanaona haya kuisema. Unaingia mkahawa wa Mji Mkongwe, umevaa kanzu na kofia ya bulibuli, unatoa salamu, unajibiwa kwa Kiingereza. Menyu unayopewa ni ya Kiingereza, na kule mashariki ya kisiwa, Kiwengwa kwa mfano, utakuta na Kitaliano. Pweza wa nazi ameandikwa kwa lugha mbili za Ulaya, na lugha ya mwanamke aliyempika haimo. Tunaishi katika mji ambao Kiunguja chake ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, tuna Baraza la Kiswahili la Zanzibar, na kila tarehe 7 Julai dunia inaadhimisha Siku ya Kiswahili. Ukurasa mmoja wa Kiswahili kwenye menyu ni gharama ya karatasi moja. Bibi aliyekuja na wajukuu wake asilazimike kumuuliza mtoto wa darasa la sita maana ya kile anachotaka kula.

Sasa nije kwenye kusubiri, maana hapa ndipo watu wanapolaumu bila kutazama kinachosababisha.

Pishi letu la asili ni pishi la sufuria. Biriani ya Ijumaa, pilau, wali wa nazi na mchuzi wa samaki, boko boko, maharage ya nazi: vyote hivi hupikwa mara moja kwa wingi, hufunikwa, na hupakuliwa vikiwa vya moto kwa watu wanaokuja kwa saa inayojulikana. Mpishi wa namna hii ana kasi kubwa. Nendeni mchana Lukmaan pale Mkunazini, au Passing Show katika Barabara ya Malawi, mtaona. Lukmaan chakula kimepangwa mbele yako, unakionyesha kwa kidole, kinapakuliwa. Anayekula anajua anachopata kabla hajakaa.

Mikahawa iliyoota Mji Mkongwe baada ya biashara ya utalii kufunguliwa katika miaka ya 1980 na Kamisheni ya Utalii kuundwa 1992 ilirithi wapishi wa sufuria, kisha ikawapa menyu ya kizungu. Menyu hiyo ina vyakula 70 au 80: tambi za namna saba, piza, kari ya Kihindi, kamba wa kuchoma, nyama ya kukaanga, samaki wa kupaka, keki ya chokoleti. Kila sahani ipikwe peke yake, kwa oda, mteja akiwa amekaa. Jiko la namna hiyo linahitaji watu wengi, moto mwingi na friji nyingi. Walichonacho wengi wao ni wapishi wawili, jiko la gesi lenye mafiga manne na seredani moja ya mkaa kwa ajili ya samaki. Meza sita zikiagiza kwa wakati mmoja, ya sita italala njaa.

Ongezeni jengo lenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zikapauliwa kwa boriti za mikoko, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Mji uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na hakuna anayeruhusiwa kubomoa ukuta ili kupanua jiko bila idhini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na ni sawa iwe hivyo. Lakini wenye mikahawa wanapenda kuwaweka wageni juu ya paa, penye upepo na jua la machweo, na jiko linabaki chini. Katikati kuna ngazi za mbao, za kusimama wima, za kupanda ghorofa tatu. Kila glasi ya juisi ya ukwaju imepandishwa na miguu ya mtu. Mhudumu akisahau ndimu, anashuka tena.

Kwa hivyo mimi simlaumu mhudumu wala mpishi. Namlaumu mwenye mkahawa aliyeandika vyakula 80 akijua jiko lake linaweza 15. Menyu fupi ingempunguzia hasara ya vitu vinavyoharibika kwenye friji umeme ukikatika, ingempunguzia mpishi presha, na ingefuta neno linalotia uchovu kuliko yote katika meza za Unguja: "imekwisha".

Neno hili lina sababu za kweli pia, na afadhali zisemwe. Pweza wetu huchukuliwa zaidi wakati wa bamvua, maji yakikauka sana na watu, wengi wao wanawake, wakaweza kutembea juu ya mwamba. Baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba hufunga sehemu za miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Upepo wa kusi ukishika, ngalawa nyingi hazitoki, na samaki anayefika Darajani anakuwa kidogo na ghali. Mkahawa ambao kila siku ya mwaka unatangaza pweza, kamba na jodari kwa bei ile ile ama hautazami bahari au unauza vilivyogandishwa bila kusema. Ubao mweusi ukutani na chaki vingetosha: leo tuna changu, leo pweza hakuna. Mteja angejisikia yuko kisiwani.

Mambo ya usafi nitayapita haraka, kwa sababu hayana mjadala. Sinki isiyo na sabuni katika nchi ambayo watu hula kwa mkono ni aibu. Choo kisicho na maji wala kopo, kwa wateja wengi wa hapa, hakitumiki. Mshikaki uliorudishwa motoni mara ya tatu ni hatari. Sote tunakumbuka kipindupindu cha 2016 na jinsi uuzaji wa vyakula vya wazi ulivyosimamishwa. Waliopoteza riziki wakati ule ni hawa hawa wenye meza ndogo. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar una wakaguzi. Wapite jioni, wakati chakula kinaliwa, wasiishie kupita asubuhi.

La halali nalisisitiza zaidi. Mikahawa mingi ya wageni hupika nyama ya nguruwe na hutia mvinyo katika baadhi ya michuzi. Hiyo ni biashara yao na ina wateja wake. Familia ya Kiislamu inapouliza kama sufuria ni mbalimbali, mhudumu anayejibu "hakuna wasiwasi" bila kwenda jikoni kuuliza amewakosea watu hao jambo kubwa kuliko bei. Jibu la kweli, hata likiwa "hapana, tunatumia kikaango kimoja", linampa mtu nafasi ya kuondoka kwa amani.

Kuna na papasi. Anakufuata kutoka Malindi bandarini, anakuambia mkahawa fulani ni wa shangazi yake, anakufikisha mlangoni. Kamisheni yake inatoka mahali, na mara nyingi hutoka kwenye sahani yako. Siwachukii vijana hawa. Wengi wao hawana kazi nyengine, na wanaujua mji kuliko ramani yoyote. Ila mwenye mkahawa anayewalipa kwa siri anampandishia mteja bei kwa huduma ambayo hakuiomba. Awaajiri wasimame mlangoni na beji, wasome menyu kwa sauti, walipwe wazi.

Na mhudumu mwenyewe? Tunamfokea yeye kwa sababu ndiye aliye mbele yetu. Hatuulizi anaondoka saa ngapi. Mkahawa wa Shangani unaofunga saa tano usiku unamtoa kazini wakati daladala za Fuoni na Jang'ombe zimeshapungua au zimekwisha, na nauli ya bodaboda inakula sehemu ya alichopata. Masika inapofika, kati ya Machi na Mei, hoteli nyingi za fukweni hufunga au hupunguza watu, na mkataba wa mhudumu hufungwa pamoja nazo. Ile asilimia 10 ya huduma inayoongezwa kwenye bili, je, anaipata yeye? Mteja ana haki ya kuuliza hilo mezani, kwa upole, na kumwachia bakshishi mkononi ikiwa jibu ni hapana. Mimi huuliza. Majibu mengine hunihuzunisha.

Wako wanaoona kwamba kusema haya hadharani ni kuharibu jina la Zanzibar. Wageni walioingia visiwani 2023 walizidi 600,000, na 2024 wakazidi 700,000. Watu wengi hivyo hawafichwi kitu. Wanakula, wanaona, na wanasimulia wakirudi kwao. Mimi nawafikiria zaidi wale wasiohesabiwa uwanja wa ndege: mwalimu wa Bububu aliyempeleka mkewe kula chakula cha usiku baada ya miaka, kijana aliyepata mshahara wa kwanza akawachukua wazee wake, bibi harusi na mashoga zake. Hawa wanatoka nje kula mara chache. Wakitiwa aibu mara moja, hawarudi, na mji unabaki wa wapita njia.

Sheria ipo. Sheria ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji ya 2018 ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, na mlaji ni mtumiaji kama mnunuzi wa simenti. Mamlaka ya Mapato Zanzibar inatutaka tudai risiti za kielektroniki, na risiti hiyo ndiyo ushahidi wa mtu anayetaka kulalamika. Daini. Ulizeni bei kabla kijiti hakijaingia motoni. Ulizeni kama kodi imo. Mkiambiwa dakika tano, ulizeni tena, kwa heshima, samaki ameshawekwa jikoni au bado yuko kwenye barafu.

Na kwa wenye mamlaka, ombi langu ni moja tu. Kila meza ya Forodhani iwe na kibao cha bei kwa shilingi, kwa Kiswahili kwanza, chenye maandishi yanayosomeka chini ya taa, na kila mkahawa wa Unguja uandike bei ambayo kodi na huduma zimo ndani yake. Kamisheni ya Utalii, Tume na Baraza la Manispaa wanaweza kulifanya hilo bila kusubiri mfadhili. Msimu mkubwa wa wageni huanza Juni. Vibao viwe vimeshawekwa kabla ya hapo.